Tukutendereza: wimbo mmoja, midundo mingi

 

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo limeleta maneno katika nyumba nyingi hapa kambini. Vijana wetu wanachukua nyimbo za zamani za kanisa, wanaweka gitaa la umeme, wanaweka kibodi yenye ngoma ndani yake, wengine wanaweka na rap katikati, halafu wanapiga kwa spika mpaka blok ya tatu. Wazee wanasema: "Hiyo sasa ni disko, si ibada." Vijana wanajibu: "Mzee, wimbo ni ule ule, tumeuamsha tu." Mama anakaa katikati, hajui ashike upande gani. Kuna kwaya zimegawanyika kwa sababu hiyo, na kuna baba na mtoto hawasalimiani vizuri.

Tuliona tusiingie katika ugomvi kwa kupiga kelele. Tuuchukue wimbo mmoja ambao karibu kila mtu anaujua, tuufuate safari yake. Wimbo wenyewe ni Tukutendereza Yesu, maana yake "Twakusifu Yesu". Na mahali tutakapoutazama zaidi ni mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale. Wengi wetu tunaifahamu njia hiyo. Waliotoka Kenya wakati wa fujo za uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, walipokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Wengine wana ndugu wanaohangaika na kazi Jinja, au wanaopanda lori la ndizi kutoka Mbale. Miji hiyo miwili inatosha kutuonyesha mambo mengi.

Wimbo ulitoka wapi?

Watu wengi wanafikiri Tukutendereza ni wimbo wa Kiganda tangu mwanzo. Sivyo. Ulianza kama wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19, ulioandikwa na Louise M. Rouse, wa mtu anayemshukuru Mwokozi kwa kumwokoa. Ulikuwa na beti kadhaa na kiitikio. Ukatafsiriwa kwa Kiganda, na kwa Kiganda ndipo ukapata miguu.

Miguu hiyo ilikuwa ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Muganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Waliomba pamoja na kusoma Biblia pamoja. Kutoka Gahini, katika miaka ya 1930, ukatokea moto ambao ulifika Kigezi, Ankole na Buganda, ukaingia Burundi, Kongo, Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa balokole, yaani waliookoka. Hapa kambini tunawaita walokole, na kila taifa lililopo hapa lina walokole wake.

Katika mikutano ya uamsho, mtu alisimama mbele ya wenzake akasema dhambi zake bila kuficha: niliiba, nilimchukia jirani, nilimdanganya mke wangu. Akimaliza tu, wote waliinuka wakaimba kiitikio cha Tukutendereza, wakamshika mkono, wakamkumbatia. Wimbo ulikuwa kama muhuri. Maana yake ilikuwa: umesikika, umepokelewa, sasa keti na ndugu zako.

Ndiyo maana wimbo huu ulivuka mipaka bila pasi. Mkenya wa Kabete, Mhaya wa Bukoba, Mrundi na Mnyarwanda wote waliuimba kwa Kiganda, hata kama neno lingine la Kiganda hawalijui. Mpaka leo walokole wawili wakikutana njiani wanaweza kusalimiana kwa wimbo huo kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Wanyarwanda waliokimbia nchi yao kuanzia 1959 walikuwemo watu wa uamsho wengi, nao waliubeba kama wengine walivyobeba sufuria na mikeka. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho, naye alikuwa mkimbizi. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa wakati wa Idi Amin, Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda. Alirudi baada ya Amin kuanguka mwaka 1979.

Wazee wa leo walikuwa vijana wa jana

Sasa tuseme ukweli kidogo, na wazee wetu watuvumilie. Tukutendereza tunayoiona leo kuwa ya heshima na ya utulivu, wakati ule ilionekana kuwa fujo.

Watu wa uamsho walikesha usiku wakiimba. Walirudia kiitikio mara nyingi, wakipiga makofi, wengine wakitetemeka na kulia. Viongozi wengi wa kanisa hawakupenda. Walisema hawa vijana wanadharau wakubwa, wanaharibu utaratibu wa ibada. Mwaka 1941, katika chuo cha kanisa cha Mukono, wanafunzi zaidi ya 20 walifukuzwa kwa sababu ya kung'ang'ania mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri katika nchi nyingi.

Tena tazameni jambo hili. Wimbo wa Kiingereza ulikuwa na beti. Watu wa uamsho walichukua kiitikio, wakakifanya pambio la kurudia. Beti zikabaki kwenye kitabu. Kwa maneno ya vijana wetu, hiyo ilikuwa ni remiksi! Walipunguza maneno, wakabadilisha mwendo, wakabadilisha na mahali pa kuuimba: kutoka kwenye benchi la kanisa hadi uwanjani, chini ya mti, ndani ya lori.

Na kuhusu ngoma, mambo yalikuwa magumu zaidi. Wamisionari wengi waliona ngoma ni kitu cha mizimu. Ngoma iliruhusiwa kuita watu kanisani, lakini ikishawaita inanyamaza nje. Ndani ni kinanda, na sauti nne zilizosimama wima. Wakatoliki nao walikuwa na Kilatini chao. Kazi ya kuirudisha ngoma ndani ilichukua muda. Huko Kongo, padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina walitoa Missa Luba mwaka 1958, misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kikongo. Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga muziki mkubwa wa Mashahidi wa Uganda kwa mtindo wa Kiganda, na ulisikika Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Wazee waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka: kuna waliolia kwa furaha, na kuna waliosema kanisa limeisha.

Jinja: wimbo unapovaa lugha na mguu wa Kisoga

Jinja ni mji wa mto. Hapo Nile inatoka ziwani, na hapo bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Umeme ulileta viwanda, viwanda vikaleta wafanyakazi kutoka kila upande: Wasoga wenyewe, Waganda, Wagisu, Waluo, Wateso, Wahindi. Mji wa namna hiyo hauwezi kuwa na muziki wa aina moja.

Kanisa liliingia Busoga likiwa linazungumza Kiganda. Biblia ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, na kwa miaka mingi Msoga alisali, akaimba na kujifunza kusoma kwa lugha ya jirani yake. Kwa hiyo hata Tukutendereza kwa Msoga ulikuwa wimbo wa kigeni mara mbili: maneno ya Waganda, tuni ya Wazungu.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Kiganda na Kisoga ni lugha ambazo sauti hupanda na kushuka ndani ya neno. Ukipandisha pale inapotakiwa kushuka, neno linapinda masikioni, na wakati mwingine linageuka kuwa neno jingine. Tuni ya Kizungu haijali hilo, inapanda inapotaka yenyewe. Sisi wa Kiswahili tunaonja kidogo shida hiyo. Neno "Mwokozi" tunakaza kwenye "ko". Lakini kuna tuni inayokulazimisha uvute "zi" mpaka pumzi ikate. Unaimba, lakini neno si lako.

Mwanamuziki wa kwetu anapoubadilisha wimbo, mara nyingi ndicho anachokitengeneza. Analeta tuni karibu na mazungumzo. Anapokezana na watu: yeye anatoa neno fupi, wao wanaitika. Anaacha mwendo wa askari wa moja-mbili-moja-mbili, anaweka mwendo wa tatu-tatu unaoviringika, ule ambao kiuno cha Msoga kinaujua kutoka kwenye ngoma zake kama Tamenhaibuga. Busoga wana pia embaire, marimba makubwa ya mbao yanayowekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume, na watu kadhaa wanaketi wanayapiga pamoja, kila mmoja na kipande chake. Hakuna mmoja anayeupiga wimbo wote peke yake. Mwenye sikio anaona kwamba hata gitaa mbili na kibodi katika harusi za Jinja zinagawana kazi namna hiyo hiyo: huyu anatoa, yule anajibu, wa tatu anajaza nafasi.

Ukipita Jinja siku ya Jumapili, katika barabara moja unaweza kusikia kanisa la matofali likiimba wimbo kwa kitabu, sauti nne, polepole. Mbele kidogo, kanisa la mabati lina ngoma za kizungu, gitaa la besi na spika mbili zinazokwaruza. Na katikati, dukani, redio inapiga injili ya densi. Redio za watu binafsi zilianza Uganda mwishoni mwa 1993, na tangu hapo nyimbo za injili zimekuwa jirani wa kila siku wa rege, rumba na dansihol. Mtoto anayekua hapo hafikirii kwamba hizo ni dunia mbili. Kwake ni redio moja.

Mbale: ngoma ya jando na zaburi za Nabugoye

Tukipanda mpaka Mbale, chini ya miamba ya Wanale na mlima Masaba, swali linakuwa kali zaidi. Kwa sababu huko mdundo una kazi yake.

Wagisu wana kadodi. Ni seti ya ngoma, kubwa na ndogo, zinazopigwa kwa kasi vijana wanapozungushwa vijijini kabla ya imbalu, yaani tohara. Kwa kawaida msimu unafunguliwa Mutoto, karibu na mji wa Mbale, mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ukisikia kadodi, mguu haukuombi ruhusa. Lakini ngoma hiyo imefungwa na mambo ya mababu, pombe na kukesha, ndiyo maana familia nyingi za walokole hupeleka vijana wao hospitalini kimya kimya.

Sasa siku hizi kadodi imetoka kwenye imbalu. Inapigwa kwenye harusi, kwenye mahafali ya shule, kwenye kampeni za wanasiasa. Hata sisi tuna majirani wanaoijua vizuri: baada ya maporomoko ya ardhi ya Bududa tarehe 1 Machi 2010, waathirika wengi walihamishiwa Kiryandongo, na ngoma zao hazikubaki mlimani. Basi bibi harusi mlokole akiingia, wapigaji wa kadodi wakaubeba wimbo wa kanisa juu ya ngoma zile, je, ni kosa?

Wanaokataa wana hoja, tusiwadharau. Wanasema mdundo una kumbukumbu. Mtu aliyeacha pombe akisikia ngoma ile, mwili wake unakumbuka pombe kabla akili haijakumbuka Mungu. Wanaokubali nao wana hoja. Wanasema ngoma ni ngozi na mti, kinachoiharibu ni kazi unayoipa. Ukiiacha kwa walevi, itakuwa ya walevi siku zote. Sisi tunaona wote wawili wanazungumza habari ya kumbukumbu. Kabla ya kubadilisha mdundo, uliza unamkumbusha nani nini.

Mbale kuna watu wengine wa kutufundisha, nao si Wakristo. Juu ya kilima cha Nabugoye wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeianzisha Mbale mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alikuwa Mprotestanti, akasoma Agano la Kale kwa Kiganda, na mwaka 1919 akatahiriwa na kufuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Wakati wa Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakasali kwa kujificha.

Watu hawa walianza na kitabu, tuni hawakuwa nazo. Zaburi zile zile ambazo Wakristo waliziimba kwa tuni za Uingereza, wao walizitungia tuni zao. Baadaye vijana wao wakaongeza gitaa na mwendo wa muziki wa kisasa wa Kiafrika, wakachanganya Kiganda na Kiebrania. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa kwenye CD na Smithsonian Folkways ya Marekani, zikapendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Mwaka 2004 baadhi yao waliungana na wakulima Wakristo na Waislamu katika ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, na nyimbo za wakulima hao zikatoka kwenye CD nyingine mwaka 2013. Waliodharauliwa kwa imani yao walikaa na majirani zao wakaimba juu ya kahawa.

Hata Marekani waligombana

Msidhani ni Waafrika wa hapa tu. Ndugu zetu weusi wa Marekani wameyapitia.

Thomas Dorsey alikuwa mpiga piano wa bluuzi. Alipoanza kuweka bluuzi kwenye nyimbo za kanisa, makanisa mengi ya Chicago yalimfungia mlango. Mwaka 1932 alikuwa safarini alipopata habari kwamba mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Mtoto naye akafariki. Katika maombolezo hayo alichukua tuni ya wimbo wa zamani wa kanisa, akaipindua kwa namna yake, akatunga Precious Lord. Mwaka 1968 Mahalia Jackson aliuimba katika mazishi ya Martin Luther King. Mtindo uliokataliwa mlangoni ndio uliokuja kuwafariji watu siku ya msiba mkubwa.

Mwingine ni Edwin Hawkins wa California. Alichukua wimbo wa Philip Doddridge, mchungaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1751, akauweka kwenye piano yenye mwendo wa jazi na Kilatini, kwaya ya vijana ikauimba. Waliurekodi kanisani mwaka 1967, santuri mia chache tu, wapate pesa za safari ya kwaya. Mwaka 1969 mtangazaji wa redio akaupiga, ukalipuka dunia nzima kwa jina la Oh Happy Day. Watu wa kanisa lake wengine walikasirika: wimbo wa Bwana unapigwa baa! Lakini wengine waliingia kanisani kwa sababu yake. Na tazameni tena: Hawkins alichukua kiitikio, akaacha beti za Doddridge. Ni yale yale ya Tukutendereza.

Kinachopatikana na kinachopotea

Hapa ndipo tunapotaka kufika, ndugu msomaji. Tukifuata safari hizi zote, tunaona kwamba mdundo hauwezi kuuua wimbo. Wimbo umepita kwenye kinanda, makofi, marimba, gitaa na kompyuta, na bado upo. Wimbo usiobadilishwa na mtu yeyote mara nyingi ni wimbo ulioachwa.

Lakini kuna kitu kinachopotea kweli, na wazee wanakisikia hata kama hawakitaji vizuri. Kinachopotea ni beti. Kila mara wimbo unapohamia mtindo mpya, kiitikio kinapona, beti zinaanguka njiani. Kiitikio ni furaha. Beti ndizo zinazoeleza furaha hiyo imetoka wapi: mtu alikuwa wapi, alifungwa na nini, aliokolewa vipi. Mtoto anayejua kiitikio tu anajua kushangilia, lakini hajui anashangilia nini.

Kwetu sisi wakimbizi hilo si jambo dogo. Vitabu vya nyimbo vilibaki nyumbani, vingine viliungua. Beti ziko wapi? Ziko kichwani mwa bibi aliyelala kwenye hema lile, na bibi hatuko naye siku zote. Kijana ana simu, ana spika, ana mdundo. Bibi ana maneno. Kila mmoja amekalia nusu ya wimbo, halafu wanagombana!

Na kitu cha pili kinachoweza kupotea ni kupokelewa. Kumbukeni Tukutendereza uliimbwa mtu akimaliza kusema ukweli wake. Watu walimshika mkono. Ukiupiga kwa spika kubwa hivi kwamba hakuna anayemsikia mwenzake, umebaki na tuni, lakini ile kazi yake umeiacha. Hilo linaweza kutokea kwa gitaa, na linaweza kutokea kwa kinanda cha kanisa pia, watu wakiimba huku wanatazama saa.

Tufanye nini nyumbani na kwenye kwaya?

Tunapendekeza mambo machache, si sheria.

1. Kijana anayetaka kutengeneza wimbo wa zamani kwa mtindo mpya, kwanza aende kwa mzee ajifunze beti zote. Aziandike kwenye daftari, na jina la lugha aandike. Asiridhike na kiitikio.

2. Mzee akiombwa, asianze na mahubiri juu ya suruali na nywele. Aimbe kwanza. Kijana akisikia sauti ya mzee ikitetemeka kwenye ubeti wa tatu, ataelewa mengi bila kuambiwa.

3. Katika toleo jipya, ubaki angalau ubeti mmoja mzima, unaosikika neno kwa neno. Rap inaweza kuja baadaye, na inaweza yenyewe kuwa ushuhuda, kama zamani. Ushuhuda wa uamsho ulikuwa ni mtu kuzungumza katikati ya wimbo.

4. Ulizeni mdundo huu unamkumbusha nani nini. Kama katika kwaya kuna mtu ambaye mdundo huo unamrudisha kwenye pombe au kwenye vita, msimlazimishe. Kuna ngoma ambazo baadhi yetu tulizisikia siku mbaya.

5. Saa. Baada ya saa tatu usiku, spika zishushwe. Jirani ana mtoto mgonjwa, na jirani mwingine si wa dini yako. Ndugu zetu Waislamu nao wana mazungumzo kama haya juu ya kaswida, dufu na vinanda, kwa hiyo tusione ni sisi tu wenye kelele.

6. Mkiwa na simu ya kurekodi, mrekodini mzee mara mbili: mara moja akiimba peke yake, mara ya pili akiimba na vijana na vyombo vyao. Hifadhini zote mbili, moja isifute nyingine.

Maswali ya kuzungumza jioni

Wimbo gani mlikuja nao kutoka nyumbani? Nani katika familia anajua beti zake zote? Mlipokimbia, mliuimba wapi? Watoto wanataka kuubadilisha namna gani, na kwa nini? Je, kuna wimbo ambao mnataka ubaki kama ulivyo, usiguswe? Semeni sababu.

Tuandikieni majibu yenu, kwa Kiswahili chochote mlicho nacho: cha Bukavu, cha Nairobi, cha Bujumbura au cha barabarani. Wekeni barua kwenye sanduku la jarida, au mpeni kiongozi wa blok yenu kabla ya mwisho wa mwezi. Kwaya zenye toleo la zamani na jipya la wimbo mmoja zituambie, tuwatangaze katika ukurasa wa matangazo ili watu waje kusikiliza.

Mwezi ujao tutazungumzia watoto wanaokataa lugha ya mama. Mpaka hapo, mbaki salama, na mkumbuke kuchemsha maji.